Koti Lisilo na Alama

Machi 3

Mvua imeanza leo bila kubisha hodi. Nimeitoa cherehani mlangoni nikaisogeza ukutani, nimeweka beseni pale bati linapovuja, na mwanangu Chiriku ameligeuza beseni kuwa ngoma. Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Wateja hawaji, kurasa zimekaa bure. Basi nitaandika mimi.

Machi 4

Mvua. Mteja mmoja, zipu ya begi.

Machi 7

Mama amepiga simu kutoka nyumbani kwake. Tumeongea habari za magoti yake, habari za kuku, halafu akasafisha koo, na mimi nikajua sasa linakuja.

"Mwanangu, mvua hizi zikikatika na wewe bado unashona zipu, nakuja kumchukua mtoto. Akae na mimi, wewe utafute kazi ya kueleweka."

"Nina kazi, Mama."

"Una cherehani. Kazi ni kitu kingine."

Hakusema kwa ubaya. Mama hana ubaya, ana haraka tu ya kuona mambo yamekaa sawa. Nimemwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali.

Chiriku amepita mwaka mmoja na nusu. Tunamwita hivyo kwa kuwa hafungi mdomo, ingawa maneno yenyewe anayajua mwenyewe. Baba yake aliondoka kutafuta maisha mtoto hajaota hata jino. Simu yake siku hizi inasema mwenyewe hapatikani, na mimi nimeacha kugombana na simu. Tumebaki wawili katika chumba kimoja: mbele cherehani, nyuma kitanda, katikati pazia. Akilia usiku ninamfanyia mdomo wa cherehani, trrr, trrr, trrr, polepole kama mshono mrefu. Analala. Sijui mtoto mwingine anayebembelezwa hivyo.

Machi 10

Jemadari amekuja na koti lake. Ni mama mtu mzima, anafagia barabara yetu tangu mimi sijahamia hapa, na amepewa jina hilo kwa sababu akiinua ufagio hata magari yanamzunguka. Mimi namwita shangazi. Koti la jiji limemchanika kwapani, tena.

"Hili lilishonwa kwa ajili ya sanamu," akasema. "Mtu wa kusimama tu. Ukifagia, linapasuka. Ukiinua mkono, linapanda lote hadi kifuani, unaonekana kama mtu aliyekamatwa na polisi."

Nikacheka, nikamwekea kiraka. Alipokuwa akilivaa akaniambia kuna tangazo limebandikwa ofisi za jiji. Wanataka makoti mapya ya wafagiaji. Kazi imegawanywa mafungu, na fungu moja ni la akina mama tu.

"Nenda, Mama Chiriku. Unishonee koti linaloniruhusu kufanya kazi."

Machi 12

Nimekwenda na wenzangu wawili, mshona mapazia na yule tunayemwita Mwenyekiti. Uenyekiti wake ni wa kundi letu la watu watatu, na alijichagua mwenyewe siku tuliyokuwa tunakunywa chai. Ndiye rafiki niliyenaye hapa. Chiriku akiumwa, yeye ndiye ninayemwita.

Dirishani kuna dada mmoja wa miwani, shingo imenyooka, muhuri mkononi. Hatabasamu hata ukimtekenya. Mwenyekiti akampachika jina palepale: Muhuri.

"Kundi lina wanachama wangapi?"

"Watatu."

"Kanuni inataka watano. Au mwanamke mmoja mwenye biashara yake na leseni yake."

Mwenyekiti akaegemea dirisha. "Dada, hebu tuelewane. Mmoja anatosha, watatu hatutoshi?"

"Kanuni sikuiandika mimi."

"Basi wawili kati yetu tufe, mmoja apate."

Watu wa foleni wakacheka. Muhuri akasema, "Anayefuata."

Machi 15

Mwenyekiti amejitoa. Amesema vitu vya jiji vina wenyewe, tutachoka bure. Mshona mapazia naye amefuata, maana huyo hata akipiga chafya anatazama kwanza kama Mwenyekiti amepiga.

Nimekaa na leseni yangu mapajani. Mmoja anatosha, alisema yule dada. Haya.

Machi 18

Kumbe kuuzia jiji si sawa na kumuuzia mtu aliyesimama mlangoni. Mtu wa mlangoni anaona nguo, anaipenda, anaichukua. Jiji halina macho. Kwanza linataka uwepo kwenye orodha yake, na kuingia kwenye orodha unahitaji leseni, uthibitisho wa kodi, mahali pako pa kazi paonekane, benki ikutambue. Kila ofisi inataka karatasi ya ofisi nyingine, nayo ile nyingine inataka ya hii. Nimezunguka siku tatu, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi. Chiriku amewapungia mkono makarani wote. Mmoja tu alimpungia pia.

Leo Muhuri amegonga muhuri. Niko kwenye orodha.

Machi 19

Mvua.

Machi 20

Mvua. Chiriku ana mafua. Mwenyekiti hajapita.

Machi 24

Mkutano wa kuelezwa kazi. Ukumbi mkubwa, viti vya plastiki, wanaume wengi wenye mikoba. Katika safu ya mbele nimemwona Mwenyekiti, amekaa na mwenye lile duka kubwa la sare. Ameniona. Akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba, na alikitafuta mkutano mzima.

Kwa hiyo hakuchoka. Alihama.

Walipouliza kama kuna maswali, nikanyoosha mkono. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Naomba kuuliza kuhusu kwapa."

Ukumbi ukacheka. Chiriku naye akacheka, akidhani ni zamu yake. Nikaeleza hivyohivyo: mfagiaji anarusha mikono siku nzima, na koti la mchoro wenu limekatwa la mtu wa kusimama. Je, inaruhusiwa kuongeza kipande cha kitambaa pale kwapani, koti lifunguke?

Muhuri alikuwa meza kuu, anaandika. Akasema, "Swali liwasilishwe kwa maandishi. Litajibiwa kwa maandishi."

Nikaliandika palepale, karatasi juu ya kichwa cha mtoto.

Machi 27

Limejibiwa. Wametuletea wote! Kila aliyechukua nyaraka amepewa karatasi ileile: kipande cha kwapani kinaruhusiwa, tena sasa ni lazima kwa makoti yote.

Kitu kimoja nilichokuwa nacho, ambacho wenye mikoba hawakuwa nacho, nimewagawia kwa mkono wangu. Nimekwenda hadi dirishani na hasira zangu.

"Dada, lile lilikuwa wazo langu."

"Lilikuwa swali," Muhuri akasema. "Jibu la mmoja ni jibu la wote. Ningekujibu wewe peke yako, kesho ningemjibu mwingine peke yake, na hilo la kesho usingelipenda."

Nimeondoka bila kuaga. Njiani nimejibishana naye kichwani na nikamshinda vizuri sana.

Aprili 2

Nashona sampuli, koti moja la kupeleka jiji walipime. Jemadari amekubali kuwa mwili wangu wa majaribio. Nimemsimamisha katikati ya chumba na ufagio mkononi.

"Fagia, shangazi."

"Nifagie nini? Chumba chako kisafi."

"Fagia hewa."

Akafagia hewa, mimi namzunguka na pini mdomoni, Chiriku anafagia nyuma yake na rula. Nimefumua kwapa, nimekata upya, nimefumua tena. Mwishowe akainua mikono yote miwili na koti likabaki kiunoni, limetulia. Akaishusha mikono, akainua tena.

"Kumbe inawezekana," akasema.

Alipoondoka chumba kikawa kikubwa ghafla. Nimeongea na Chiriku hadi alipolala, kisha nikaendelea kuongea kidogo.

Aprili 8

Nimepeleka. Sampuli haitakiwi kuwa na jina, lebo wala alama yoyote ya aliyeishona. Kila koti linapewa namba, ili wanaochagua wasijue ni la nani. Ukikutwa na alama, umetoka. Nimelifunga kwenye karatasi ya kaki, nikagandisha pembe zote, na nikaliona likitumbukia kwenye lile sanduku kubwa la kufuli. Kesho saa nne asubuhi wanafunga, halafu wanafungua mbele ya watu.

Nimejisikia mwepesi. Nimemnunulia Chiriku ndizi, na mimi nikasikiliza maneno yake njia nzima.

Aprili 9

Ninaandika nguo hazijakauka bado, ingawa sasa ni mchana.

Asubuhi na mapema nilikuwa napachika ukosi wa shati la mteja. Mkono ukaenda wenyewe kwenye uzi mwekundu. Fundi aliyenifundisha alitufundisha hivyo: ukimaliza ukosi, funga fundo dogo jekundu kwa ndani, mahali asipopaona mtu, ili nguo ikirudi siku moja uujue mkono wako. Nafanya hivyo kwa kila nguo. Silifikirii, kama usivyofikiria kupepesa macho.

Nikalitazama lile fundo. Nikasema, "Mungu wangu, koti."

Nilimfunga Chiriku mgongoni bila hata kumvisha kofia. Barabara ilikuwa mto. Kwenye makutano maji yalinifika magotini na magari yalikuwa yamesimama tu, yanapiga honi kana kwamba mvua ina masikio. Nikavua viatu.

Muhuri alikuwa dirishani. Saa ya ukutani juu ya kichwa chake ilikuwa imeshapita saa tatu.

"Dada, sampuli yangu ina alama. Nisaidie."

"Siwezi kukusaidia." Akaniangalia, akamwangalia mtoto anayedondosha maji. "Siwezi kukuzuia pia. Kabla ya saa nne mzabuni ana haki ya kuondoa zabuni yake kwa maandishi, na ana haki ya kuileta upya. Baada ya saa nne hana."

Nikaandika. Akaita mashahidi wawili, kufuli likafunguliwa, wakanipa kifurushi changu, nikasaini. Kila kitu kwa utaratibu wake, polepole, na mimi nikitamani kumrukia. Nikakaa kwenye ngazi, nikakipasua. Mkasi nilikuwa nimeusahau. Nikalikata fundo kwa meno, nikavuta nyuzi moja moja kwa kucha, Chiriku anashuka ngazi kwa makalio na kupanda tena, anaimba. Lilitoka lote. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Nikalifunga koti kwa karatasi ileile iliyochanika. Gundi nikaazima kwa mlinzi wa mlangoni, na wala hakuniuliza ya nini.

Muhuri alipokea, akaandika, sanduku likala. Akageuka kutazama saa, akatuingiza ukumbini, akafunga mlango kwa ufunguo.

Tulikuwa tumekaa, wazabuni wote, tukisubiri sanduku lifunguliwe, wakati mlango ulipogongwa. Kioo cha mlango kilikuwa na ukungu, lakini sauti niliijua.

"Fungueni! Tumekwama kwenye maji, gari limezimika!" Alikuwa Mwenyekiti, na kifurushi cha duka kubwa kifuani kama mtoto. "Dada, dakika moja tu! Jamani!"

Muhuri akasema bila kupaza sauti, "Saa nne imepita."

Mwenyekiti akafuta ukungu kwa kiganja, akachungulia, akaniona. "Mama Chiriku! Waambie! Mwambie mimi na wewe ni kundi moja!"

Watu wote wakanigeukia.

Sikusema kitu. Chiriku ndiye aliyemjua, akanyoosha mikono kuelekea kioo, akamwita kwa lile jina lake la kitoto. Nikaishusha mikono yake. Yule aliyeko nje alisimama kidogo, kisha kioo kikarudisha ukungu.

Nimerudi nyumbani na viatu mkononi. Bado nafikiria ile mikono niliyoishusha.

Aprili 10

Tuna homa sote wawili.

Aprili 14

Mvua. Nimeota mlango.

Aprili 21

Hakuna habari. Jemadari anasema jiji likinyamaza ndiyo linafikiri, na halijazoea kufikiri kwa hiyo linachukua muda. Nimemwekea kiraka kingine.

Leo nimetambua kwamba tangu Jumapili sijaongea na mtu mzima zaidi yake.

Aprili 29

Barua imekuja. Fungu la akina mama ni langu.

Nimeisoma mlangoni, nikaisoma kitandani, nikamsomea Chiriku, akaomba kuila. Nilitaka kumkimbilia mtu. Nilitoka hadi barabarani, mvua inanyesha, nikasimama. Nyumba ya Mwenyekiti iko pale, ukinyoosha mkono. Nikarudi ndani, nikampigia Mama.

Alipiga kigelegele hadi simu ikakoroma. Halafu akashusha sauti.

"Makoti yote hayo, mwanangu. Na muda waliokupa. Mtoto nani atamshika?"

Sikulifikiria hilo. Mwezi na nusu nimepigana nisimtoe mtoto kwa kukosa kazi, na sikuwahi kukaa nikajiuliza kuhusu kuipata. Nilisema nitaona. Mama akasema ameshaona.

Mei 2

Mama amekuja na gari la asubuhi. Amekagua chumba, marobota ya kitambaa hadi darini, sindano, mikasi, pasi ya moto sakafuni.

"Hapa mtoto atakaa wapi? Juu ya pasi?"

"Ni mpaka makoti yaishe, Mama. Si zaidi. Nitamfuata mwenyewe."

"Kwani mimi ni mwizi?"

"Nasema tu. Nitamfuata."

Akaniangalia muda, akaona sitanii. "Haya. Utamfuata."

Nimefungasha nguo za Chiriku. Katika ukosi wa kila gauni nimefunga fundo jekundu. Alidhani ni matembezi, akanipungia mkono kama anavyowapungia makarani.

Mei 3

Kimya.

Mei 4

Nimeliondoa beseni pale linapovuja. Sakafu ilowe. Siwezi kusikia ile ngoma bila mpigaji.

Mei 6

Peke yangu sitafika. Nimepiga hesabu kwa kila namna, mikono miwili haitoshi. Nikaenda dirishani kuuliza kama naruhusiwa kumweka fundi mwingine.

"Kuajiri fundi, ruhusa," Muhuri akasema. "Kumuuzia mtu mwingine kazi yote ukakaa, si ruhusa. Na kila koti linakaguliwa kwa jina lako." Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "Yule mtoto yuko wapi?"

"Kwa bibi yake."

Akagonga muhuri mahali ambapo nadhani hapakuhitaji kugongwa.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. Alikuwa amekaa mlangoni. Duka kubwa limeshamfukuza. Walisema kuchelewa ni kosa lake.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuajiri. Leta cherehani yako."

"Siku ile ulikaa kimya."

"Na wewe ulitafuta kitu kwenye mkoba mkutano mzima. Ulikipata?"

Alitaka kukasirika, uso ukamgeuka njiani. Akasema, "Chai ipo?"

Mei 9

Tunashona. Tunaongea kuhusu uzi, kuhusu sindano, kuhusu mvua. Hatuongei kuhusu mlango. Hatuko kama zamani na sidhani tutakuwa, lakini mshono wake umenyooka, na kuna mtu wa kumwambia nipitishie mkasi.

Mei 13

Nimempigia Mama. Amemwekea Chiriku simu sikioni. Alipumua tu.

Mei 17

Mwenyekiti ameona mkono wangu ukienda kwenye uzi mwekundu, akaupiga kofi. "Makoti ya jiji, mama, sampuli ilikuwa safi, na haya yawe safi!" Amekificha kile kigurudumu cha uzi. Sijamuuliza wapi.

Mei 24

Nimepiga simu. Mama anasema ameanza kusema maneno ya kweli. Nimeuliza lipi la kwanza. Akasita, akasema, "Bibi." Tukacheka wote wawili, mimi nikicheka zaidi ya ilivyohitajika.

Mei 30

Tumepeleka. Kamati ya kupokea ilikuwa watu watatu na Muhuri. Walilitoa koti kwenye robota bila kuchagua, wakavuta mishono, wakahesabu vifungo, wakaumulika tochi ukanda unaong'aa wa mgongoni. Nilisubiri wapate kitu. Halafu Muhuri akavua miwani, akalivaa koti moja juu ya nguo zake za ofisi, akainua mikono yote miwili hadi juu, pale mbele ya watu, kama mtu anayefagia dari.

Koti likabaki kiunoni.

Akalivua, akalikunja vizuri. "Limepokelewa," akasema. Mlangoni akanishika kiwiko. "Mwezi wa saba kutakuwa na fungu la kurekebisha nguo za jiji, kazi ya mwaka. Tangazo litabandikwa. Nakuambia kitu kitakachobandikwa kwa wote."

"Najua," nikasema. "Jibu la mmoja."

Nusura atabasamu. Labda nilimwonea bure miezi yote hii. Labda na yeye akirudi nyumbani kwake anakuta kimya.

Juni 2

Leo jua. Jemadari amepita na koti jipya, akafagia mbele ya mlango wangu kwa madaha, mikono inaruka. Wengine watatu nimewaona kwenye makutano. Kati yao hakuna anayejua ni mkono wangu. Nilidhani itaniuma.

Ninakwenda kumchukua mwanangu.

Juni 3

Nimefika mchana. Alikuwa uani, anawasimulia kuku. Amerefuka. Amevaa gauni jipya alilonunuliwa na bibi yake, la maua, la kiwandani, ukosi wake hauna kitu.

"Chiriku."

Akanitazama. Akaenda nyuma ya Mama, akashika sketi yake, akachungulia kwa jicho moja.

"Ni mama yako huyo," Mama akasema. "Nenda." Akamsukuma kidogo, na mtoto akajishikilia zaidi, mdomo umeanza kupinda.

"Mwache, Mama."

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, na gauni langu la safari. Sikunyoosha mikono. Nikatazama pembeni, kama mtu mwenye shughuli zake, nikaanza kwa mdomo, polepole, mshono mrefu: trrr, trrr, trrr.

Kuku wakanyamaza. Nikafika mwisho wa mshono, nikarudi, nikaanza mwingine. Niliposhona karibu koti zima nikasikia miguu. Kiganja kidogo chenye mchanga kikanifunika mdomo, kuhisi ule mtetemo unatoka wapi.

Niliendelea kushona.

Juni 4

Tumerudi. Mama alilia kituoni, akasema ni vumbi. Nimemwahidi kumpelekea Chiriku kila msimu wa mvua, kwa matembezi, na hilo nimelisema kwa sauti ya kueleweka.

Chumba kikavu. Nimerudisha beseni mahali pake ingawa hakuna kinachovuja, na amelipiga kidogo, bila moyo. Mwenyekiti alipita kumsalimia, akaacha juu ya cherehani kile kigurudumu cha uzi mwekundu, akaenda zake.

Sasa ni mchana, amelala upande wa ukutani na gauni lake la maua. Anamwita bibi yake usingizini. Nimekaa karibu naye na sindano, naufumua ukosi, nafunga fundo. Ninamwacha aite.